Bei Isiyoandikwa: Kwa Nini Maonyesho ya Sanaa na Vitu vya Kale Yanawatafuta Wanunuzi Vijana

Mpwa wangu alipopokea mshahara wake wa kwanza katika kampuni moja inayohudumia migodi ya hapa Lubumbashi, alinijia Jumamosi moja asubuhi akaniomba nimsindikize kununua picha. Alikuwa amepanga chumba na sebule katika komini ya Kampemba, na ukuta mmoja wa sebule hiyo ulikuwa mtupu kiasi cha kumnyima raha. Tuliingia mahali panapouzwa kazi za wachoraji, tukazunguka taratibu, naye akasimama mbele ya picha ndogo ya wanaume wanaosukuma baiskeli zilizolemewa na magunia ya makaa kwenye barabara ya kutoka Likasi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kutafuta karatasi ya bei: juu ya fremu, pembeni, hata chini yake. Haikuwapo. "Mjomba, mbona hapa hakuna bei?" aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko kanisani. Mwenye duka alitutazama kutoka mezani kwake bila kuinuka, nasi tukatoka bila kuuliza chochote.

Swali hilo dogo ndilo fundo la jambo linalowashughulisha sasa watu wa Brussels, Maastricht, London na New York, wale wanaoandaa maonyesho makubwa ya kuuzia sanaa na vitu vya kale. Wateja wao waaminifu wamezeeka, na watoto wa wateja hao hawaji kuchukua nafasi za wazazi. Msomaji wa Lubumbashi anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mbali, lakini kwa maoni yangu si ya mbali hata kidogo, kwa sababu sehemu ya bidhaa zinazouzwa kule zilichongwa na kuchorwa katika ardhi hii ya Katanga, na kwa sababu mbinu zinazojaribiwa leo ili kuwavuta vijana zilikuwa desturi ya kawaida katika mji huu miaka 50 iliyopita, ingawa hakuna aliyeziita mbinu.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mjini kwetu huchanganywa mara nyingi. Biennale ya Lubumbashi, iliyozaliwa mwaka 2008 kutokana na kazi ya chama cha Picha, ambacho mpigapicha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, ni maonyesho ya kutazama na kutafakari. Msanii huleta kazi ili ionekane na ijadiliwe, na kuiuza si shabaha ya shughuli hiyo. Maonyesho ya biashara, yale ambayo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunayaita "foire", ni soko. Mwandalizi hukodi ukumbi mkubwa, huugawa katika vibanda, na humkodisha kila mfanyabiashara kibanda kwa hesabu ya mita za mraba. Mfanyabiashara naye huja na vitu vyake, huvipanga kwa siku chache, huuza anachoweza kuuza, kisha hufunga mizigo na kuondoka. Halafu kuna mnada, ambao ni kitu cha tatu, kwa kuwa katika mnada bei hupandishwa mbele ya watu wote, ilhali katika maonyesho ya biashara bei huzungumzwa kati ya watu wawili, mara nyingi kwa kunong'ona.

Maonyesho makongwe ya aina hiyo yalizaliwa kwa ajili ya wanunuzi wa aina fulani. Yale ya Brussels yanayojulikana leo kwa jina la BRAFA yalianza mwaka 1956 kama maonyesho ya wauza vitu vya kale wa Ubelgiji. Yale ya New York yaliyokuwa yakiitwa Winter Antiques Show yalianza katika miaka hiyohiyo ya 1950. Yale ya TEFAF huko Maastricht, Uholanzi, ambayo wengi huyaona kuwa makubwa kuliko yote kwa upande wa vitu vya kale, yalipata sura yake ya sasa mwaka 1988. Mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa daktari, wakili au mwenye kiwanda, mwenye nyumba kubwa yenye vyumba vya kujaza makabati, saa za ukutani, vyombo vya fedha na picha za wachoraji mabingwa wa kale. Alikuwa na wakati wa kujifunza, na alimjua mfanyabiashara wake kama vile mtu anavyomjua fundi wake wa nguo.

Kisha mambo mawili yalitokea kwa pamoja, na hapa ndipo hesabu inapokuwa ya kuvutia. Kizazi hicho kilianza kufa au kuhamia katika nyumba ndogo, kwa hiyo makabati yao yakarudi sokoni kwa wingi. Wakati huohuo wajukuu wao wakawa wanaishi katika fleti ndogo za kupanga, wanahama kila baada ya miaka michache kwa ajili ya kazi, na hawana nafasi wala hamu ya kabati la mwaloni lenye uzito wa watu wanne. Bidhaa zikaongezeka huku wanaozitaka wakipungua, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya samani za mbao za kahawia, zile za mwaloni, mahogani na jozi, ikaporomoka Ulaya na Marekani hata kabati la karne ya 18, lililotengenezwa kwa mikono na fundi mahiri, likaweza kuuzwa kwa bei isiyozidi sana ile ya kabati jipya la mbao zilizobanwa. Mfanyabiashara aliyelinunua mwaka 1990 akitumaini faida alibaki nalo ghalani. Aliyeelewa mapema kwamba tatizo si uzuri wa kabati bali umri wa mnunuzi ndiye aliyepata nafasi ya kujiokoa.

Hata hivyo, kumtaka kijana ni jambo moja, na kumwezesha kununua ni jambo jingine. Mfanyabiashara anayepeleka vitu Maastricht hulipa kodi ya kibanda, usafirishaji, bima, mafundi wa kuta na taa, na malazi ya watu wake, yote hayo kwa ajili ya siku chache. Akileta vitu vya euro 300 kila kimoja, hata akiviuza vyote atarudi nyumbani na deni. Kwa hiyo huleta vitu vichache vya bei kubwa sana, ili kimoja au viwili vikiuzwa safari yote iwe imelipwa. Kijana hafungiwi mlango kwa sababu mtu fulani anamchukia. Gharama za kibanda ndizo zinazoamua nini kitawekwa juu ya meza, na kilichowekwa juu ya meza ndicho kinachoamua nani atasogea.

Juu ya gharama kuna ile desturi ya kuficha bei. Wafanyabiashara wana sababu zao, na si zote mbaya. Wanataka kumpunguzia bei mteja wa miaka mingi au jumba la makumbusho bila kumuudhi mwingine. Hawataki mshindani wa kibanda cha pili ajue wanachodai. Na wanajua kwamba kitu kilichotangazwa kwa bei fulani kisha kikakosa mnunuzi huonekana kuwa na kasoro, hata kama hakina. Kwa mkusanyaji mzee, kuuliza bei ni mwanzo wa mazungumzo matamu. Kwa mtu wa miaka 28, ambaye amezoea kulinganisha bei za simu kumi kabla ya kutoka kitandani, bei isiyoandikwa ina tafsiri moja tu: kitu hiki si chako. Haogopi ukubwa wa bei peke yake; anaogopa jinsi muuzaji atakavyomtazama yeye akiisikia bei na kunyamaza.

Kwa sababu hiyo, mageuzi yaliyofanya kazi kubwa zaidi hayakutoka kwa wakongwe. Mwaka 1999, katika bustani ya Battersea huko London, Will Ramsay alianzisha Affordable Art Fair, maonyesho yenye kanuni mbili rahisi: kulikuwa na kikomo cha bei ambacho hakuna kazi iliyoruhusiwa kukivuka, na kila bei iliandikwa wazi. Wataalamu wengi hawakuyapa uzito, lakini watu walikuja, na leo hufanyika katika miji mingi ya dunia, Brussels ikiwa mmojawapo. Mtu aliyenunua hapo picha ya kwanza kwa mshahara wa mwezi mmoja hakuondoka na picha tu. Aliondoka akijua kwamba yeye ni mnunuzi wa sanaa, na ujuzi huo haufutiki.

Wakongwe nao walianza kujibu, kila mmoja kwa njia yake. Wale wa New York waliondoa neno "vitu vya kale" katika jina lao mwaka 2019 na kubaki na The Winter Show, baada ya kuwa tayari na desturi ya kutenga usiku mmoja kwa ajili ya wakusanyaji vijana. Huko Maastricht, tangu mwaka 2008, TEFAF hutenga nafasi kwa wafanyabiashara wachanga ambao wasingemudu kibanda cha kawaida, na naona kwamba hatua hii ina hekima kuliko inavyoonekana, kwa kuwa muuzaji wa miaka 32 huja na marafiki wa rika lake, na rafiki haoni haya kuuliza. BRAFA, kwa upande wake, ilichagua kuchanganya: sanamu ya Misri ya kale hukaa katika kibanda jirani na cha kiti cha miaka ya 1960, na kinyago cha Afrika hutazamana na kurasa halisi za vibonzo vya Kibelgiji. Katika vibonzo ndimo wengi wa vijana wa nchi ile walimojifunzia kupenda mstari na rangi, kwa hiyo anayekuja kwa ajili ya ukurasa wa kibonzo hupita njiani mbele ya vitu ambavyo asingevitafuta kamwe.

Kisha ukaja mwaka 2020. Maonyesho ya Maastricht ya mwezi Machi yalifungwa siku kadhaa kabla ya wakati kwa sababu ya korona, na biashara nzima ikalazimika kuhamia kwenye kioo cha simu. Wafanyabiashara ambao hawakuwahi kuandika bei hadharani walianza kuiandika, kwa kuwa mtu aliyeko kwenye intaneti hasubiri kunong'onezwa. Akikosa bei huhamia ukurasa mwingine. Kumbi zilipofunguliwa tena, wengine walirudia kuificha, lakini wanunuzi wapya walikuwa wameshaonja.

Kuhusu zile jioni za vinywaji na muziki, sitasema mengi. Zinaleta picha nzuri za kuweka mitandaoni, na vijana huzifurahia, lakini mtu anayecheza muziki karibu na kabati la karne ya 18 bado halijui bei yake wala hajui nani alilitengeneza.

Kuna jambo zito zaidi ambalo vijana wamelileta kwenye kumbi hizo. Mnunuzi wa zamani aliuliza kama kitu ni halisi. Mnunuzi kijana huuliza pia kilitoka wapi, kwa mkono wa nani, na mwenye nacho wa kwanza alikiachaje. Maonyesho makubwa yana utaratibu mzuri wa kujibu swali la kwanza: kabla ya milango kufunguliwa, wenye vibanda hutolewa nje, kamati za wataalamu huingia na kukagua kitu kimoja baada ya kingine, huangalia mbao, rangi, kutu na alama za patasi, na kitu kilichotiliwa shaka huondolewa au maelezo yake hubadilishwa. Ukaguzi huo humlinda hasa yule asiye na jicho la uzoefu, yaani kijana. Lakini swali la pili halijibiwi kwa kutazama mbao. Linajibiwa kwa makaratasi na kwa kumbukumbu za watu, na mara nyingi makaratasi hayapo.

Sisi wa upande huu tunalijua swali hilo kutoka mwisho mwingine. Tangu mwaka 2022 BRAFA hufanyika kwenye uwanda wa Heysel, palepale ambapo mwaka 1958 yalifanyika Maonyesho ya Dunia, na ambapo Wakongomani waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili watazamwe na wageni. Katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, imo sanamu ya babu wa Lusinga, mtawala wa Watabwa upande wa Ziwa Tanganyika. Lusinga aliuawa Desemba 1884 na watu wa Émile Storms, afisa wa Kibelgiji, kichwa chake kikakatwa, na fuvu lake pamoja na sanamu hiyo vikapelekwa Ulaya. Sanamu kama hiyo inaweza kupita kila ukaguzi wa mbao na patasi bila doa. Uhalisi wake haujawahi kuwa na shaka. Kilicho na jeraha ni safari yake.

Si kila kitu kiliondoka kwa damu, na mtu mwadilifu hana budi kusema hivyo pia. Vingine viliuzwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine viliagizwa kwa mafundi na wageni wenyewe. Kile kigoda cha mwanamke aliyebeba kikalio kwa ncha za vidole, kazi ya yule mchongaji ambaye wataalamu humwita Bwana wa Buli kwa jina la kijiji, na ambaye huenda aliitwa Ngongo ya Chintu, kilinunuliwa na Makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 1979. Kwa miongo mingi watu waliandika kabila la mchongaji bila kuuliza jina lake, ilhali mchoraji wa Ulaya wa karne iliyopita asingeuzwa bila jina hata siku moja. Mnunuzi kijana anayedai kujua jina la mchongaji anaongeza thamani ya kitu na heshima ya mtu kwa wakati mmoja, na maonyesho yaliyotambua hilo yameanza kuandika maelezo marefu zaidi kwenye vibao vyao. Ndiyo sababu pia maonyesho ya 1-54, yaliyoanzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui kwa ajili ya sanaa ya Afrika ya leo, yamewavuta vijana wengi wenye asili ya bara hili: humo kazi nyingi zina jina la mtu aliye hai, ambaye unaweza kumsalimia.

Nilisema kwamba mji wetu ulikuwa na desturi hiyo, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo moyo wangu ulipo. Historia ya uchoraji wa Lubumbashi ina njia mbili. Ya kwanza ilianza mwaka 1946, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopishana, na Bela akachovya vidole vyake ndani ya rangi badala ya brashi. Kazi zao ni nzuri mno, lakini wanunuzi walikuwa Wazungu, na ndiyo maana leo anayezitafuta huzipata kwa urahisi zaidi katika minada ya Brussels na Paris kuliko katika sebule za komini yetu ya Kamalondo.

Njia ya pili ilishika kasi katika miaka ya 1960 na 1970, na wanunuzi wake walikuwa wafanyakazi, makarani, walimu na wachuuzi wa komini za Katuba, Kenya na Ruashi hapa mjini, wakiwamo wenye umri wa mpwa wangu. Wachoraji walitumia kitambaa cha magunia ya unga, wakakivuta juu ya fremu ya mbao, na wakatembeza kazi zao nyumba kwa nyumba. Walichora mamba-muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki ambaye humpa mtu utajiri kwa masharti; walichora simba, kijiji cha zamani, na tukio la askari anayemchapa mfungwa chini ya bendera ya Ubelgiji. Wanunuzi na wachoraji walikuwa na neno moja la kueleza kwa nini picha inafaa kutundikwa: ni ukumbusho. Picha ilipimwa kwa uwezo wake wa kuanzisha mazungumzo ya kumbukumbu katika sebule yenye wageni. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikulia katika biashara hiyo ya picha za bei ndogo kabla ya kuchora, katika miaka ya 1970, mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya nchi, ambao leo umehifadhiwa Amsterdam.

Tazama sasa jinsi mambo yanavyolingana. Picha ilikuwa na ukubwa wa ukuta wa nyumba ndogo. Bei ilikuwa ya kumudiwa na mtu wa mshahara, na ilisemwa mlangoni, ana kwa ana, mnunuzi akipunguziwa kama sokoni bila aibu yoyote. Mchoraji alijulikana kwa jina na kwa mtaa wake. Mada ilimhusu mnunuzi. Vitu hivi vinne ndivyo ambavyo waandalizi wa Ulaya wanajaribu kuvirudisha kwa gharama kubwa, na vilikuwapo hapa kwa sababu mchoraji hakuwa na mteja mwingine wa kumtegemea.

Basi kwa nini desturi hiyo ilififia? Jibu linasomeka katika hesabu za shaba. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, na katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Familia iliyokuwa ikinunua mamba-muntu iliuza viti. Wachoraji waliobaki waligeukia wageni wachache waliokuwa na dola, na pamoja na mgeni ikaja ile desturi yake ya kuuliza bei kwa kunong'ona. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba vijana wa Lubumbashi hawapendi sanaa, namwomba afikirie kwanza kama kuna aliyewahi kuwaambia bei yake.

Leo mishahara ya kila mwezi imerudi kwa sehemu ya vijana wa mji huu, wawe migodini, katika benki, katika kampuni za simu au katika shule za binafsi. Maonyesho ya biashara ya kuwafaa hayahitaji ukumbi wa Heysel. Uwanja wa shule wakati wa likizo ungetosha, pamoja na meza za kukodi na kodi ndogo ya meza, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba kodi ya kibanda ndiyo inayozaa bei. Kila kazi iwe na karatasi yenye jina la mchoraji, mwaka, ukubwa, aina ya rangi na kitambaa, na bei kwa franka na kwa dola. Malipo yakubaliwe kwa simu na kwa awamu. Tena watu wetu wanaijua likelemba vizuri kuliko benki yoyote, na vijana kumi wanaochangia kila mwezi wanaweza kumnunulia mmoja wao picha kila mwezi hadi zamu iwazungukie wote, kama vile wanavyonunuliana masufuria na magodoro. Nimewauliza watu wawili watatu kuhusu wazo hili la likelemba ya picha, na hakuna aliyeliona la ajabu.

Meza za malakiti na za shaba iliyofuliwa zisiachwe nje. Jiwe lile la kijani huchongwa tembo, mayai na mikufu ya kuwauzia wapita njia, lakini mchongaji akiombwa kutia jina lake chini ya kazi na kutengeneza vipande vichache badala ya mia vinavyofanana, atakuwa amehama kutoka ukumbusho wa safari hadi ukumbusho kwa maana ile ya kwetu.

Kwa vitu vya kale tahadhari ni kubwa zaidi. Misalaba ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya nchi hii kabla ya Wabelgiji na ambayo baadaye iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, huuzwa Ulaya kama moja ya milango ya bei nafuu kwa mkusanyaji anayeanza, na hapa pia hupatikana. Lakini Kongo ina sheria ya mwaka 1971 inayolinda mali za utamaduni, na iliridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya vitu hivyo. Kitu cha kale hakipaswi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya begi la mtu bila kibali. Aidha, vinyago vingi vinavyoitwa vya kale vimekaa moshini au ardhini miezi michache ili vizeeke haraka. Ushauri wangu kwa kijana ni kwamba aanze na kazi ya mtu aliye hai, amwombe aandike nyuma ya kitambaa jina lake, tarehe na mahali, na aitunze risiti. Karatasi hiyo ndogo ndiyo historia safi ya umiliki ambayo sanamu ya babu wa Lusinga imenyimwa.

Mpwa wangu hakurudi katika duka lile. Alimtafuta mchoraji mwenyewe, akamkuta kwake Katuba, na mchoraji akamtajia bei kabla hata hajakaa kitini. Walikubaliana malipo matatu. Picha ya watu wa makaa sasa imetundikwa juu ya meza ya chakula, na mwezi uliopita mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi alisimama mbele yake, akasema kwamba baba yake alikuwa akipita barabara ile kwa baiskeli, kisha akauliza ilinunuliwa kiasi gani. Mpwa wangu akamtajia.